Kwenye Mchezo wa Vita, Mimi Ndiye Adui Kila Mara

Mama Tryphosa, pole kwa kukuongezea mzigo, lakini sina mwingine wa kumwambia haya na Jumamosi inakaribia. Mimi ni kijana wa Kisomali, nimezaliwa hapa Eldoret, ninauza viatu katika duka la mama yangu, na wikendi mimi na marafiki hucheza mchezo wa vita huko Kiplombe, kwenye shamba la mahindi lililovunwa, kwa bunduki za kuchezea zinazorusha risasi za plastiki, na kiongozi wetu Kipkirui anataka kila kitu kifanane na vita vyenyewe, hakuna simu, hakuna kucheka, na aliyepigwa hulala chini mpaka wenzake waje wambebe. Mimi huwa adui kila mara. Huambiwa nijifunge kitambaa usoni na nipige kelele kwa Kisomali, na nikianguka hakuna anayenibeba, eti adui huachwa, basi hubaki nimelala kwenye mabua nikiwasikia wakinywa chai. Nilipoomba nibadilishwe upande, Kipkirui alinishika bega akasema, "Guled, wewe ndio unafanya hii kitu ikae real, bro. Ukitoka itakuwa tu mchezo ya watoto."

Wasichojua ni kwamba kaka yangu Abdikadir alikuwa mwanajeshi wa Kenya, akauawa Somalia akiwa ndani ya sare ya Kenya, na wenzake, Wakristo kwa Waislamu, ndio waliombeba hadi kaburini kule Garissa. Hapa mtaani mama alisema ni ajali ya barabarani, kwa kuwa aliogopa wako Wasomali wenzetu watakaotuona wasaliti kwa kazi ile, na akaniomba nisimwambie mtu. Sasa Jumamosi wanataka niwe adui aliyetekwa, nipigwe picha nikiwa nimepiga magoti. Hawa ndio marafiki pekee nilio nao. Niende, ninyamaze, au nivunje ahadi niliyompa mama?

Guled, Eldoret

Guled mwanangu, barua yako imeniuma. Pole sana kwa kaka yako.

Sasa nikugombeze kidogo. Hao wenzako si lazima wawe wabaya, ila ni wavivu wa kuuliza, na wewe umewarahisishia kazi. Kitambaa umejifunga mwenyewe, kelele umepiga, ukarudi tena wiki iliyofuata. Kubadilishwa upande uliomba, lakini kwamba unaumia wangejuaje?

Huyo Kipkirui anajisifu kwamba mchezo wake ni wa kweli. Ukweli gani huo? Katika vita vyenyewe Abdikadir alikuwa upande wa Kenya, upande wa Kipkirui mwenyewe, na katika mchezo wake Msomali kama Abdikadir hana nafasi upande huo.

Jumamosi usiende, na hiyo picha usipigwe kamwe. Usimwambie Kipkirui lolote kabla ya kuzungumza na mama yako, maana siri hii ni yake kwanza. Funga duka mapema, mketi wawili, umweleze unavyolazwa kwenye mabua. Akikuruhusu, mtafute Kipkirui akiwa peke yake, si mbele ya kundi, umwambie kaka yako alikuwa nani. Akiinamisha kichwa akakuomba radhi, huyo ni rafiki. Akitafuta mzaha, ondoka, utapata wengine. Mama akikataa, mwambie tu Kipkirui kwamba huchezi adui tena, na usimweleze sababu.

Lakini usianze na habari za mchezo. Majirani walimpa mama yako pole ya ajali. Anza kwa kumpa pole ya mama wa mwanajeshi.