Tochi Isiyofika Mbali

Bihambwe, Jumatano. Mvua tangu asubuhi, ukungu umekalia mashamba ya maharagwe, na mimi nina hasira ambayo sijui nimtupie nani.

Leo nimenunua tochi. Jambo dogo, najua. Kuna watu mahali fulani wananunua tochi na kurudi nyumbani wakipiga mluzi.

Ni ya Mama. Macho yake yamepungua sana mwaka huu, na choo chetu kiko nyuma ya migomba, chini ya mteremko wenye utelezi. Juzi alianguka pale. Mkono umevimba mpaka leo, hawezi kushika jembe, naye anasema si kitu. Akianguka tena atavunjika, na barabara ya kwenda hospitali si ya kuichezea siku hizi.

Muuzaji sokoni alinipa kwanza tochi ndogo nyeusi, ya kuchaji, ya kuingia mfukoni.

"Dada, kamata hii. Bei iko chini, na iko kali. Inafika mpaka kule ku kilima."

Huo ndio ubaya wake. Kule kilimani kuna watu wenye bunduki. Leo ni hawa, mwezi ujao ni wengine, na wote wakiona mwanga unatembea wanauliza maswali yale yale, wakikumbuka kuuliza. Kwa hiyo sisi hapa tuna namna yetu ya kuchagua tochi. Unafunika kioo kwa kiganja, unawasha. Nyama ya mkono ikiwaka nyekundu, unairudisha.

Mkono wangu uliwaka kama kaa la moto.

Nikairudisha. Nikachukua ya plastiki, ya betri mbili, hafifu. Muuzaji hakushangaa, alisema tu, "Hiyo njo batu banabeba," yaani ndiyo wanayochukua watu. Njia nzima nilijiona mwerevu.

Nyumbani Mama aliijaribu ndani ya chumba cha maharagwe, ambacho hakina dirisha. Akaielekeza chini. Akainama, akaisogeza karibu kabisa na miguu yake.

"Mutoto wangu, iko inawaka?"

Ilikuwa inawaka.

Nimeumia. Pale sokoni niliwafikiria wale wa kilimani, wataona nini, wasione nini. Macho ya Mama, ambayo ndiyo yaliyonipeleka huko, sikuyakumbuka hata mara moja. Nachukia kwamba watu hao wamenifundisha hivyo. Nachukia zaidi kwamba nimejifunza vizuri.

Mama alinishukuru, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Hakulalamika, afadhali angelalamika. Jioni nikampelekea chai, akaisukuma kando.

"Hapana, mutoto wangu. Kuanzia leo sitakunywa kitu mangaribi. Nikikosa kunywa, sitatoka inje."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, mtu aliyekwisha kupanga mambo yake. Mwanamke aliyelima kilima hiki maisha yake yote, sasa anajinyima kikombe cha chai ili asiende chooni. Nilirudi jikoni nikalia, chai yake ikapoa mkononi mwangu.

Kesho mapema narudi sokoni kuchukua ile kali. Mama atatembea na mwanga anaouona, nami nitatangulia mbele yake. Wakiuliza ni nani, nitajibu mimi.

Naogopa sana. Lakini kesho jioni atakunywa chai yake.