Gari la Mwenye Nyumba

Kasulu, Jumanne, Mei 2013

Eti gari zima! Yule fundi wa hapa mjini jana alifungua boneti, akauliza gari ni la nani. Nilipomtaja Mzee Hamadi, mwenye nyumba wangu anayeniuzia, akaifunga bila hata kupima oili. "Zima kabisa, mwalimu. Nunua tu." Mzee Hamadi ana malori, na mafundi wote hapa wanakula kwake. Nilimdharau sana yule fundi. Mwoga.

Leo nimeliomba gari ili nilijaribu, nikalipeleka mpaka Kibondo kwa fundi asiyemjua mwenye gari. Aliliacha lipoe kwanza. Alipoliwasha, ukatoka moshi wa bluu mpaka nikakohoa.

"Linakula oili, dada. Injini ifunguliwe yote, na gia boksi nayo..."

Akanipigia hesabu. Matengenezo yanakaribia bei ya gari lenyewe.

Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumwambia mzee kwamba silitaki. Nimefika, kabla sijashuka, mama yangu akatoka ndani na mkongojo wake, akafungua mlango, akakaa kiti cha mbele. Tangu goti limharibikie hapandi bodaboda, hata kanisani haendi. Akajifunga mkanda, anatabasamu.

Mzee Hamadi akaja, akaegemea dirishani. "Haya mwalimu, fundi wako kasemaje?"

Mkataba wangu wa nyumba unaisha mwezi ujao. Nikamwangalia mama, nikamwangalia na yeye.

"Zima kabisa, mzee."