Fundo Kwenye Mguu wa Korongo

Mpendwa kaka Masatu,

Nakupenda. Naanza na hilo kabla hasira haijanitangulia. Jana ulinipigia simu kutoka Geita, ukasema kwa furaha umepata kifaranga mwingine wa korongo na utakuja naye nyumbani kwako Mwisenge kwa ajili ya mwanao. Hukuuliza habari za yule wa kwanza. Basi nakueleza bila kuulizwa.

Unakumbuka majaruba ya mpunga nyuma ya nyumba yetu kule Kibara? Korongo walitua asubuhi, wakaanza kurukaruka na kuinamiana, na wewe ukawaiga, kanga ya mama kiunoni, nyasi kavu umezichomeka kichwani ziwe taji. Nilicheka mpaka kwikwi ikanishika. Jioni ulikaa na baba kushona nyavu. Baba aliwaambia wavuvi wenzake, "Fundo ya Masatu hata sangara mkubwa hawezi kufungua." Ukavimba kichwa, hushikiki.

Kwa hiyo sikushangaa uliponunua kifaranga kwa wachungaji wa Mugeta. Ulitaka ile ngoma iwe uani kwako. Ulimpunguza manyoya ya bawa, ukamfunga mguu kwa uzi wa nyavu, kwa fundo lile lile linalokaza kila linapovutwa. Kisha ukaenda zako mgodini, ukawaachia wapangaji wamtupie ugali na dagaa. Kaka, kifaranga hukua na mguu wake hunenepa. Hukurudi hata mara moja kulegeza ule uzi.

Mama Bhoke, mpangaji wako wa chumba cha mbele, ndiye aliyeniita. "Njoo umuone ndege wenu. Alikuwaga anaamsha mtaa mzima, sasa hivi hata kulia halii." Nikatoka Butiama siku hiyo hiyo. Nilimkuta amelala ubavu kando ya karo, uzi hauonekani. Ulikuwa umezama ndani na nyama imeufunika. Harufu niliipata tangu getini.

Mama Bhoke alimfunga kanga kichwani na mabawani, akamkumbatia. Mimi nikashika wembe. Kila nilipougusa uzi alirusha mguu, na kila aliporusha mguu fundo lilikaza zaidi. Damu ikanitelezesha vidole.

"Kata bwana, kata! Ananifia mikononi!"

Nikakata. Nilikulaani wakati ule, kaka, kwa jina lako la ubatizo, na padri nimeshamweleza.

Daktari wa mifugo alikuja, akaubonyeza mguu, akatikisa kichwa. "Huu umeshakufa, dada. Na korongo wa mguu mmoja, huko porini hafiki popote." Nilimwomba asubiri mpaka kesho yake. Korongo nilimlaza jikoni kwenye gunia. Maji alikunywa, dagaa alikataa. Kulipokucha alijaribu kusimama, akaanguka kifudifudi. Akajaribu tena. Sikuweza kuangalia mara ya tatu. Nikampigia daktari arudi na sindano, nikamshika ndege shingo mpaka ikalegea.

Najua hukumchukia, na hapo ndipo ninapoumia. Adui angemchinja yakaisha. Wewe ulimpenda, ukampiga picha, ukawatumia marafiki, halafu ukasahau kwamba ana mguu. Umezoea kusema utakuja kurekebisha, na majuto ni mjukuu.

Huyo uliye naye sasa bado ni mzima, na bado tuna nafasi. Usimkate manyoya. Usimfunge kwa uzi wala kwa kamba. Ukifika Bunda, shuka naye, mpeleke kwa maafisa wa wanyamapori. Nimeshawaambia kuna mtu anakuja na kifaranga, jina sijawatajia. Mwanao atalia, na mimi nitambembeleza.

Lakini ukipitiliza naye mpaka Mwisenge, nitakuja kukupokea. Nitakubebea begi, nitakukaangia sato, nitakumiminia maji ya kunawa. Na ukiwa bado unanawa, nitawapigia simu, na safari hii jina nitalitaja.

Ni mimi mdogo wako, uliyenyonya naye ziwa moja.