Kidevu Kwenye Mfumo Mpya

Jumatatu, 2 Oktoba

Mkutano tena. Saa mbili nzima za kutazama picha ukutani! Mkuu wetu wa idara — Bwana Grafu, maana huyu hata salamu angeichorea mstari unaopanda — katangaza: toleo jipya la kivinjari chetu, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, linatoka Jumanne tarehe 17, na siku hiyo viongezi vyote vya mfumo wa zamani basi. Havifi, eti "vinapumzishwa". Hata maiti hupumzishwa.

Watu wakapiga makofi. Wanapigia makofi nini?

Haya, niseme ukweli humu, maana hakuna anayesoma: kwa hoja yenyewe hajakosea. Viongezi ni viprogramu vidogo ambavyo mtu anavipachika kwenye kivinjari vimsaidie hili na lile. Mfumo wa zamani uliviacha viingie kila chumba na kupekua kila droo. Mgeni gani huyo? Mfumo mpya unavikalisha sebuleni. Ni salama zaidi, ni wa haraka zaidi. Sawa. Lakini ndiyo atangaze kama aliyevumbua moto?

Na Kidevu, kiongezi changu, ni cha zamani.

Jumatano, 4 Oktoba

Mapumziko yote ya mchana nimekesha na Kidevu nikikihamishia mfumo mpya — kukesha mchana, ndiyo tulipofika.

Nilikiandika miaka sita iliyopita, kaka yangu alipoanguka ngazini na mikono ikakataa kabisa. Kitufe kimoja kikubwa chini ya kidevu chake. Fremu nyekundu inatembea kwenye skrini, kitu hadi kitu, na ikifika anapopataka anabonyeza. Kwa kitufe hicho kimoja anasahihisha prufu za vitabu vya shule, na waandishi wanamwogopa kama homa. Nilikiweka wazi, yeyote mwenye shida hiyo akichukue bure.

Ndani ya kurasa, Kidevu kipya kinakwenda vizuri. Kinakwenda haraka kuliko cha zamani, tena. (Inaniuma kuandika hivyo.) Lakini vitufe vya kivinjari chenyewe — kurudi nyuma, kufungua ukurasa mwingine, kufunga — marufuku! Fremu inafika ukingoni inagota. Yaani kaka atasoma ukurasa mmoja, kisha akae anautazama mpaka apite mtu amfungulie mwingine.

Kuna fomu ya kuomba ruhusa maalumu. Nimejaza. Swali la nne: "Eleza kwa ufupi faida kwa mtumiaji." Kwa ufupi! Nimeandika: ataishi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimekataliwa. Ruhusa hutolewa kwa kiongezi chenye watumiaji hamsini. Watumiaji wa Kidevu: sifuri.

SIFURI!

Nimemfuata Bwana Grafu hadi mezani kwake. Nimemwambia mbele ya ofisi nzima kwamba takwimu zake ni za kupika, kwamba hata viti vya humu ndani akiambiwa avihesabu atakosea, kwamba sifuri yake ina mke na inavaa miwani. Yeye akaendelea kupanga karatasi zake. Akasema namba hazina chuki na mtu. Mwenzangu wa meza ya majaribio akanivuta mkono tukanywe chai.

Chai sikunywa, lakini nimefurahi. Kasikia leo!

Jumapili, 8 Oktoba

Kwa kaka. Nimemkuta anagombana na kitabu cha jiografia. Eti mwandishi kaweka mto mmoja unaopanda mlima. "Mdogo wangu," ananiambia, "huyu akipewa bahari ataiweka darini." Kidevu kinagonga, tak, tak. Karudi nyuma, kafungua kamusi, kafunga, kaendelea. Hakugeuka hata kunitazama. Nilikuwa nahesabu mara anazogusa vitufe vya juu. Nilifika arobaini nikaacha.

Halafu wifi akanivutia jikoni. Kapata kazi! Ghala la dawa, msimamizi wa zamu ya mchana, anaanza Jumatano tarehe 18. Miaka sita ameikalia elimu yake kama mkeka. Aliogopa kumwacha mume peke yake mchana kutwa, lakini sasa kaona anajiweza. "Na ni kazi ya mkono wako, wifi," akasema, akanikumbatia na unga mikononi.

Nikasema hongera. Nikasema nina haraka. Mwongo mkubwa mimi.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimeamua kumkamata Bwana Grafu na uongo wake. Kila kiongezi hutuma taarifa mara moja kwa siku kusema "nipo", na ndivyo wanavyohesabu. Basi nikafungua Kidevu cha zamani nione taarifa zinapotelea wapi.

Hazipotei. Zimezimwa. Mstari wa mia moja na kumi na mbili. Na juu yake maelezo: "Watu wangu hawahesabiwi kama mbuzi."

Mwandishi: mimi.

Nakumbuka hata siku nilipoandika. Nilicheka peke yangu! Nyani haoni kundule, na mimi langu nililipamba kwa maandishi.

Nikafungua na sanduku la barua la Kidevu. Sijaligusa miaka minne, nilidhani ni walalamishi tu. Barua mia mbili na tisa. Fundi saa mmoja anabonyeza kwa goti. Mwalimu anabonyeza kwa kisigino, aliuliza kama fremu inaweza kwenda polepole kidogo. Aliuliza mara tatu. Sikumjibu hata mara moja.

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimekwenda kwa Bwana Grafu. Nimeomba radhi mlango ukiwa wazi, maana niliyoyasema niliyasema wazi. Nikamwonyesha zile barua, na mstari wangu. Akausoma, nikangoja anicheke. Ningekuwa yeye ningecheka mwaka mzima.

Hakucheka. Akasema barua haziwezi kuwa hesabu, mtu anaweza kuandika leo akaacha kutumia kesho. Akasema orodha ya ruhusa inafungwa kesho saa kumi na moja jioni. "Niletee hamsini walio hai, nitasaini mwenyewe."

Nikauliza, wakiwa arobaini na tisa?

"Hamsini," akasema. Mashine ile!

Nimetoa toleo la haraka la Kidevu. Mtu akikifungua anaulizwa: unakubali kuhesabiwa? Ndiyo au hapana. Mkono wangu mwenyewe ndio ulioandika swali hilo. Kuziwasha taarifa bila kuwauliza ningeweza, hakuna ambaye angejua. Lakini hapo nisingekuwa na uso.

Ijumaa, 13 Oktoba

Saa nne: kumi na mmoja.

Saa saba: ishirini na tisa. Fundi saa kakubali, ameandika na salamu. Bwana Grafu kapita mezani kwangu mara mbili akijifanya anatafuta karatasi. Mtu mzima!

Saa tisa: arobaini na wawili.

Saa kumi: arobaini na sita. Imesimama hapo. Nimetazama mpaka macho yanatoka machozi. Arobaini na sita.

Saa kumi na nusu: arobaini na tisa. Mungu wangu.

Kaka kapiga simu. Anacheka. "Mdogo wangu, kimenijia kisanduku kwenye Kidevu, kinataka kunihesabu! Nimekibonyeza hapana, tena kwa nguvu. Sisi si mbuzi, si wewe mwenyewe ulisema? Mwambie huyo bosi wako."

Jibu linaweza kubadilishwa. Ni kubonyeza mara mbili tu. Nikamwambia: kaka, hebu bonyeza ndiyo.

Akaacha kucheka. "Kwa nini? Kuna nini?"

Akijua, na wifi atajua. Na wifi akijua Kidevu kinaweza kuzimwa siku yoyote, ghalani haendi, hata tukifika hamsini. Nikamsikia nyuma yake anauliza viatu vyeusi au vya kahawia kwa siku ya kwanza kazini.

Nimemwambia kaka nampigia sasa hivi. Saa kumi na dakika arobaini na tano. Sijapiga. Arobaini na tisa.