Majibu ya Néhémie

Ketsia,

Mboga ya sombe iko mu sufuria, pasha tu moto. Maji iko mu bidon ya manjano. Ufungie kuku mbele mvua inyeshe.

Mimi narudia kwa cyber. Usinicheke. Unajua vile kila mail nilimuandikia kaka yako Néhémie kule Canada ilikuwa inajibiwa palepale, kwa Kingereza? Sikusikia hata neno moja, lakini nilisema: mutoto amesahau Swahili yetu, ila mama yake hajamusahau. Nilijisifu nayo hata ku kanisa.

Leo asubui nikaomba Fiacre, mwenye cyber, anisomee. Akaniangalia na huruma. "Mama, huyu si Néhémie. Ni mashini inasema adresi hii haiko." Kumbe nilikuwa naandika jina lake mu adresi na accents zake mbili, vile vialama juu ya e, vile tulimubatiza. Fiacre akazitoa, mail ikaenda.

~~Usimuambie baba yako.~~ Umuambie, lakini akishakula.

Safari hii haikurudi, Néhémie ameipata kweli. Nilikaa pale mpaka saa sita, nikingojea. Hakuna mutu alinijibu. Hata ile mashini.

Mama