Bwana Soma Tena, Shahidi Uliyemngoja Amefika

Umetimia mwaka mmoja tangu asubuhi ile ulipotutoka, mpendwa wetu, mume, baba, kaka na babu. Nyumbani bado tunajikuta tukisema "baba akirudi", halafu mtu anakohoa na mwingine anainuka kwenda jikoni. Macho yalishakubali. Ulimi ndio mbishi.

Wenzako wa chama cha msaada wa sheria walikuita Bwana Soma Tena, na jina likakufuata mpaka nyumbani. Kwa miaka kumi na tisa ulikaa kwenye vile vyumba viwili juu ya duka la rangi na misumari, ukiandika maelezo ya watu: aliyefukuzwa kazi bila barua, aliyewekwa ndani siku sita bila kuambiwa kosa, mama aliyenyimwa mtoto. Ukishaandika, unasoma kwa sauti. Unasoma tena. Unasoma mara ya tatu, na mwenye shida asiposema kwa kinywa chake "ndivyo hivyo", humpi kalamu wala wino. Watu waliona unawachelewesha. Wewe ulisema: "Sheria ni ya kila mtu, ila haina miguu. Tukiibeba vibaya itatuangukia sote."

Asiyejua kuandika aliweka dole gumba, nawe ulimfuta wino kwa leso yako ya mfukoni. Mkeo alizifua leso hizo mpaka vidole vikakunjamana, na wino hautoki. "Baba watoto, ofisi nzima haina kitambaa?" Ukamjibu: "Kipo. Lakini mtu aliyeonewa asifutwe kwa tambara la meza."

Hata nyumbani tulikuwa wateja wako. Barua ya shule ilisomwa mara tatu. Maelekezo ya dawa ya kikohozi mara tatu, mtoto huku anakohoa. Siku ya posa ulimwomba baba mkwe arudie masharti yake, naye akamwuliza mshenga, "Huyu mmemtoa wapi, na masikio yake yanafanya kazi?"

Tungeishia hapo, kumbukumbu hii ingekuwa tamu. Lakini wewe hukupenda maelezo yenye pengo, na mkeo ameomba pengo lake lisomwe mbele ya watu.

Unamkumbuka jirani yetu fundi cherehani. Mumewe hakuwa ametimiza mwezi kaburini shemeji yake alipokuja na wanaume wawili na karatasi. Shemeji mwenyewe ndiye mwenye nyumba yetu sisi, na kwenye ibada hukaa mstari wa mbele. Asubuhi hiyo mkeo alikuwa uani akianika nguo. Ukuta ule ni wa kiunoni, na mlango wa fundi ulikuwa wazi.

Aliona karatasi imekunjwa, maandishi yamelala chini, imebaki nafasi ya dole tu. Alimsikia fundi akisema, "Nisomee kwanza, shemeji." Na shemeji: "Usomewe nini? Karatasi ya mazishi tu hii. Leo hunijui?" Fundi akarudisha mkono nyuma. Mwanaume mmoja akamshika kifundo cha mkono, mwingine akabana dole gumba kwenye wino, wakaligandamiza kwenye karatasi kama muhuri. Mkeo alibaki na shuka lililolowa mkononi, maji yakimchuruzika miguuni. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango polepole, bawaba zisije zikalia.

Karatasi ile ilikuwa inasema fundi ameiacha nyumba kwa hiari yake.

Fundi alikuja ofisini kwenu, faili likawa lako. Jioni moja ulimkuta mkeo akimenya vitunguu, ukavuta kigoda.

"Mama watoto, siku ile ulikuwa unaanika nguo."

"Nilikuwa naanika nguo. Sikuwa naanika macho."

Ulicheka. Halafu ukaacha kucheka, na hapo mkeo alijua kwamba umejua.

"Wanasema hakuna aliyeona. Mmoja tu akisema, karatasi ile imekwisha."

"Na sisi tutakuwa tumekwisha. Nyumba tunayokaa ya nani? Au tukalale kwenye benchi lenu la wateja, wewe na mimi na watoto, tupangwe kama mafaili?"

"Tutapata pengine pa kukaa."

"Wewe utakuwa ofisini na mihuri yako. Mimi ndiye nitakayetazamana na mwenye nyumba uani kila siku. Yangu macho, baba watoto. Mungu ameona, yeye anatosha."

 Ulichukua kitunguu kimoja ukakimenya vibaya, kama kawaida yako. Ndipo ukasema: "Mungu ameona, kweli. Lakini hakimu hatamwita. Wala mimi sikulazimishi. Ushahidi wa kulazimishwa ni ndugu yake dole la kulazimishwa." Ukaongeza kwamba siku akiwa tayari asije kwako, maana mume haandiki maelezo ya mkewe, amwendee katibu wenu, yule mama mwenye kicheko cha kusikika mpaka dukani chini.

Siku ya kesi mkeo alikaa nyumbani akasali. Alisali sana, na sala haikupanda. Mtu anajua sala yake inapogonga dari. Hakimu aliuliza kama yupo aliyeona, chumba kizima kikatazama sakafu. Ulirudi jioni ukanawa uso, ukasema, "Tumeshindwa," ukaomba maji. Hukumwambia "ni wewe". Hukumwambia hata siku moja, na afadhali ungemwambia.

Fundi alihama na mkokoteni mmoja, cherehani juu, magodoro chini. Alipopita mlangoni petu alisimama.

"Jirani, kwaheri. Sare za kitinda mimba wako hizi hapa. Nimezipinda na kuzipiga pasi. Sikutaka niondoke na kitu cha watu."

Mkeo alizipokea. Alitazama pindo, hakutazama uso wa fundi.

Kisha ikaja ile presha. Siku tatu tu hospitalini. Muuguzi alileta fomu, ukamwambia aisome kwa sauti, kisha tena. "Mzee, wewe mgonjwa au mkaguzi?" Wodi nzima ikacheka, hata yule wa kitanda cha dirishani aliyekuwa hajacheka wiki nzima. Lakini siku ya pili, mkeo akikupangusa miguu, ulimwuliza: "Fundi hajambo?"

Akasema, "Hajambo."

Hakuwa anajua. Miezi minne alikuwa hajauliza, na siku alipomwona sokoni kwa mbali alibadili njia. Ukasema, "Vizuri," ukafumba macho. Ndilo neno la mwisho la maana mlilozungumza, na lilikuwa uongo.

Baada ya mazishi mdogo wako, mwashi, alikuja na karatasi za kiwanja chako kile kidogo. Majirani walijipanga vibarazani. Walishaona mashemeji wanavyokuja. Mkeo mwenyewe, Mungu amsamehe, aliufunga mkono ndani ya khanga. Mwashi akavuta kigoda kilekile, mikono ina saruji, akasema: "Shemeji, kaa. Nisipokusomea mara tatu, kaka atanifufukia." Akasoma kwa kujikwaa, kidole chini ya kila neno. Kiwanja ni cha mjane na watoto. Akasoma tena. Mara ya tatu akauliza, "Ndivyo hivyo?" na mkeo akalia mpaka mwashi akaita watu. Walidhani ni msiba. Haukuwa msiba peke yake. Aliona alichokuwa amemnyima mwenzake: mtu mmoja tu wa kusema kweli kwa wakati wake.

Kesho yake alipanda ngazi za ofisini kwenu. Katibu alitoa faili, akafungua kamba. Ndani mlikuwa na ukurasa wa mwandiko wako: "Maelezo ya shahidi. Jirani, aliyekuwa akianika nguo." Chini yake hakuna kitu. Karatasi nzima nyeupe.

"Tulimwambia, mzee, hili limeshafungwa," katibu alisema. "Akatuambia limefungwa kwa kamba, na kamba hufunguliwa. Akatukataza kuuondoa ukurasa huu."

Hukuandika jina. Ulimwachia nafasi, hukumwachia lawama.

Mkeo alisema yote, katibu akaandika, akasoma. Mara ya kwanza kila kitu kilikuwa sawa. Mara ya pili katibu alifika pale palipoandikwa, "Siku ya kesi nilishindwa kufika mahakamani."

"Simama hapo, mama," mkeo akasema. "Sikushindwa. Miguu nilikuwa nayo na mahakama naijua. Andika nilikataa."

"Litakuumiza neno hilo. Wakili wao atalishika."

"Alishike. Ndivyo hivyo."

Kusaini anajua, darasa la saba alimaliza. Lakini aliomba wino, akaweka dole gumba kwa mkono wake mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Katibu alipotafuta kitambaa, mkeo akafungua mkoba. Alikuwa na leso yako ya mwisho, ile iliyotoka hospitalini pamoja na viatu vyako, yenye madole ya watu asiowajua. Alikuwa hajaifua. Akajifutia humo, doa lake likakaa kati ya madoa ya wenzake.

Kutoka hapo alikwenda kwa fundi, anakokaa kwa bintiye, chumba kimoja, cherehani mlangoni.

"Umechelewa, dada," fundi akasema, macho kwenye sindano.

"Nimechelewa."

"Mwenzio alikuwa akija kila mwezi kuniambia yupo shahidi, anavaa viatu tu. Nikawa namwuliza, viatu gani hivyo visivyovalika?" Akakata uzi kwa meno. "Haya, simama nikupime. Hilo gauni la msiba limekupwaya, utadhani limetundikwa msumarini."

Ujue basi, baba watoto, yaliyofuata. Mwenye nyumba alitupa notisi wiki ileile. Tunakaa nyuma kwa mwashi, na hatujalala kwenye benchi. Mstari wa mbele haumsalimii mkeo, naye anasali nyuma, ila siku hizi sala inapanda. Mahakama imekubali kesi ya fundi isikilizwe upya, na tarehe ni wiki ijayo. Wakili wa chama anasema tusijipe uhakika: mwaka na zaidi umepita, nyumba imeingia wapangaji, ukuta umepakwa rangi nyingine. Shahidi angekuwepo hakimu alipouliza, pengine wala tusingefika huku. Hilo halina wa kulirudisha.

Mkeo atasimama kizimbani akiwa na leso mfukoni. Anachosikitikia ni kwamba kati ya wote watakaomsikia akisema alichoona, wewe uliyekuwa tayari kumsikiliza mara tatu hutakuwepo kusikia hata mara moja.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako mkunga na mumewe, mwanao mchomeleaji, kitinda mimba wako, ambaye sare zile zimeshamwia fupi na hataki zigawiwe, wajukuu wawili, mdogo wako mwashi na nyumba yake yote, katibu na wenzako wote wa ofisi ya juu ya duka la rangi. Na fundi cherehani, aliyetuambia, "Niandikeni kwenye ndugu, si kwenye majirani." Tumemwandika. Tumemsomea mara tatu, akasema ndivyo hivyo.

Pumzika kwa amani ya Mungu, Bwana Soma Tena. Siku zote tutakukumbuka, na kila mwaka tutakusoma tena.