Maji ku Moyo ya Papa

Siku ya Mungu, 20 oktoba 2024

Papa, baba ya bwana yangu, hakuenda misa. Mara ya kwanza tangu niolewe hapa Itebero. Miguu yake imevimba — ukibonyeza na kidole, shimo inabakia. Kulala chini hawezi. Anakaa tu, mugongo ku ukuta, anatafuta pumzi kama muntu aliyekimbia. Papa Symphorien! Mwaka jana alikuwa anatoka pori na nyama ku bega, na vijana nyuma yake wanalalamika juu ya miguu.

Mama Emérita, dada yake, alikuja kumuona. Alimuangalia sana. Kisha akaangalia sufuria yangu ku moto. Akasema neno moja tu: karuho.

Karuho. Sumu ya mukono ya muntu, ile inamaliza mwenzako pole pole. Na nani anamupikia baba-mukwe kila siku? Mimi, Kétsia.

Siku ya pili, 22 oktoba

Sasa wanasema wazi. Ya kama mimi ni muntu wa Butembo, nilifika na butiki yangu, hawajui kwetu. Ya kama sijazaa. Ya kama mwezi ya nane Papa alimwambia bwana yangu Noël atafute bibi wa pili, na mimi nikasikia. Ni kweli, nilisikia. Nikalia nyuma ya magunia, nikafuta macho, nikaendelea kuuzisha chumvi. Njo yote niliyofanya!

Mama Emérita aliita mufumu na dawa zake za majani, amutapishe Papa, sumu itoke. Nikasema: muntu hana pumzi, mukimutapisha atakufia mu mikono yenu, tumupeleke hospitali kule Walikale. Mama Emérita alinigeuzia mugongo. Aliuliza wengine: huyu anajua namna gani vile atakufa?

Watu wakageuza macho. Hata jirani yangu Gaëlle, tunachota naye maji kila siku. Aliangalia chini.

Noël iko ku machimbo. Kule hakuna rezo. Nimepiga, nimepiga — sauti ya ule mwanamuke wa mashini tu.

Ni Papa mwenyewe alikata maneno. Mufumu arudi kwake, alisema. Munipeleke kwa munganga. Kusema ile tu ilimuchokesha, akafunga macho.

Siku ya tano, 25 oktoba

Walikale. Tumefika.

Vijana walimubeba ku kipoyi, kitanda cha miti ku mabega, mpaka pahali pikipiki zinapita. Kisha pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma yake nimemushika. Mvua. Matope mpaka magoti. Kila shimo ya barabara nilisikia pumzi yake inakatika, nikawa nasali kwa sauti bila haya. Tulianguka mara moja, pole pole, upande wa majani. Alisema: mwanangu, usiniachie. Sijawahi kusikia Papa akiniita mwanangu.

Mama Emérita iko na sisi, ku pikipiki ya nyuma. Amekuja na sufuria yake. Sina ruhusa ya kumupa Papa hata kikombe cha maji.

Siku ya posho, 26 oktoba

Asubuhi walimupiga picha ya kifua. Munganga, docteur Olga, aliiweka ku dirisha, mwangaza upite. Mapafu ni meusi. Katikati, kitu cheupe, kikubwa, kama kibuyu cha pombe! Huo wote ni moyo? nikauliza. Alisema: njo kile nataka kujua.

Docteur Olga ametoka Masisi kusaidia hapa. Alileta kamashini ka kuangalia moyo, kadogo, kanaingia mu mufuko ya koti. Akamupaka Papa mafuta ya baridi ku kifua, akapitisha kile kitu, na ku écran — moyo! Unacheza! Lakini vibaya. Unayumba huku na huku, kama muntu amelewa. Na kandokando yake, pande zote, giza.

Ile giza ni maji, docteur alisema. Moyo unakaa ndani ya mufuko. Mufuko umejaa maji, yanaukaza, haupati nafasi ya kufunguka. Njo maana miguu inavimba, njo maana pumzi inakosa. Huku kwetu mara nyingi ni kifua kikuu kinaleta vile. Tutapima. Lakini maji lazima yatoke, na sindano, bila kukawia.

Papa aliangalia ile écran muda mrefu. Nimepasua nyama nyingi, alisema, mioyo nimeishika mu mikono. Wangu sikuwaza siku moja nitauona.

Mama Emérita alisimama. Maji? Na hayo maji, nani aliyatia?

Docteur hakukasirika. Mama, alisema, na hii mashini naona maji. Jina ya muntu sioni.

Nilidhani neno hilo litanisaidia. Hapana! Kule inje Mama Emérita alishalieleza wagonjwa wengine: docteur mwenyewe ameona sumu inaogelea ku moyo. Na sindano hapana, mpaka Noël afike. Anamutumia Noël audio, atazisikia akipata rezo. Nilisikia jina yangu ndani.

Sasa nimekaa ku veranda na mimi mwenyewe naanza kurudia kila sahani. Zile samaki za kukauka, zilikuwa na harufu? Ile sombe nililaza? Mungu wangu. Mimi pia nilikula! Mimi pia nilikula, na sijavimba.

Siku ya Mungu, 27 oktoba

Asubuhi Papa midomo ilibadilika rangi. Docteur akasema: tunatoboa sasa, ao tunamupoteza. Mama Emérita alijiweka ku mulango, mikono wazi. Papa alimuita. Sauti ndogo, lakini sisi wote tulisikia: Emérita, huyu mutoto kama angetaka nikufe, angeniacha nyumbani. Toka ku mulango.

Alitoka.

Mimi nilimushika Papa mukono. Docteur aliangalia écran, jicho moja ku sindano. Yakaanza kuja. Nilifikiri maji ni meupe — hapana, mekundu, kama chai kali. Chupa ikajaa, wakaleta ingine. Na ku écran ile giza inapunguka, inapunguka, na moyo unafunguka! Niliona na macho yangu. Papa akavuta pumzi moja ndefu. Akasema: ah.

Akalala. Chali! Kichwa ku muto. Nilitoka inje nikalia mpaka nikakaa chini.

Mama Emérita aliona chupa. Damu, alisema. Damu ya kaka yangu. Akapiga picha, akaituma kwa Noël.

Siku ya kwanza, 28 oktoba

Papa amekula kidogo, mukono wa Mama Emérita. Docteur anasema majibu ya labo yatakawia. Dawa ya kifua kikuu anaanza leo, ni ya miezi, na sisi wote wa nyumba tupimwe. Nikamuuliza: labo itaandika kama si karuho? Aliniangalia kwa huruma. Itaandika kile inatafuta, alisema. Ile ingine haitafuti.

Saa sita simu. Noël! Amepanda ku kilima, amepata rezo, anakuja kesho. Nilianza kupiga kelele kwa furaha: Papa analala, Noël, analala chali, niliona moyo yake —

Alinikata. Sauti yake chini kabisa. Nimeona ile picha ya chupa, alisema. Kétsia. Uniambie mimi peke yangu, sitaambia muntu. Ulimupa nini?

Nilitoa simu ku sikio, nikaiangalia. Alisema allô, allô. Kisha rezo ikakatika.

Miaka tano tunakula sahani moja.

Papa ananiangalia toka ku kitanda. Anauliza ni nani alipiga. Na simu inaita tena mu mukono yangu, jina ya Noël iko ku écran.